Sisikii Ladha: Lugha ya Upataji Nafuu na Raha Ndogo za Kila Siku Baada ya Uraibu wa Heroini

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha ambayo kwayo jamii za pwani ya Afrika Mashariki na asasi za afya huzungumzia kupata nafuu kutokana na uraibu wa heroini. Hoja yetu ni kwamba lugha hiyo hupima nafuu kwa kile ambacho mtu ameacha, na kwamba imeyatia doa maneno ya raha wakati uleule ambapo anayepata nafuu anahitaji kuyarejea. Tunachunguza maneno uraibu, starehe na kete, kisha riwaya tatu za Kiswahili, kisha ugumu wa kuifasiri hojaji moja ya kitabibu inayopima uwezo wa mtu kufurahia. Makala yanawalenga watafiti wa lugha na fasihi, pamoja na washauri wa sera wanaoandaa matini za afya katika nchi ambamo Kiswahili ndiyo kwanza kinaingia ofisini.

Utangulizi

Mtoto wa ami yangu alikaa miezi mitano bila kugusa unga. Alikuwa amepita arosto, yaani zile siku za kutetemeka, kuharisha na kukosa usingizi, na sasa alikuwa akila, akilala na kuswali. Jioni moja alikaa na shangazi yetu uani, akapewa chai ya maziwa yenye iliki. Alikunywa nusu kikombe, akakiweka chini.

“Shangazi, chai hii siisikii.”

“Sukari nimetia vijiko vitatu, mwanangu.”

“Sukari najua ipo. Siisikii tu.”

Sote tuliokuwapo tulimjibu kwa kauli moja: mshukuru Mungu umeacha. Hatukuwa na jibu jingine, na wala hatukuona kwamba alikuwa ametuuliza jambo. Wiki sita baadaye alirudia, na kipimo alichokizoea zamani kiliuzidi mwili uliokwisha kuusahau. Sidai kwamba kikombe cha chai ndicho kilichomuua. Ninachodai ni kwamba aliitaja hali ambayo tiba inaitambua, kwa Kiswahili sahihi kabisa, na sisi wenye lugha hiyo hatukumwelewa.

Kiswahili hakiwekei mpaka mkali masikio na ulimi. Tunasikia sauti, na pia tunasikia harufu, njaa, baridi, maumivu na ladha. Aliyesema “siisikii” hakusema kwamba chai ni mbaya. Alisema kwamba kitu kati yake na chai kimekatika. Uchunguzi wa ubongo unaeleza kwamba matumizi ya muda mrefu ya dawa kama heroini hudhoofisha mfumo wa dopamini, hivi kwamba mambo ya kawaida kama chakula, mazungumzo na muziki huamsha mwitikio hafifu. Hali hiyo haiishi siku mtu anapoacha. Huweza kudumu kwa wiki au miezi, ikapungua polepole, na ni mojawapo ya mambo yanayomvuta mtu arudie. Katika makala haya tutaiita ganzi ya raha, kwa kuwa ganzi ni neno ambalo kila msemaji analijua kwa mwili wake, na kwa kuwa ganzi, tofauti na kifo, huachia.

Maneno yaliyogeuka

Kabla halijawa istilahi ya hospitali, neno uraibu katika Kiswahili cha pwani lilihusu tambuu na vitu vya jamii yake: jani la mtambuu lililopakwa chokaa, likatiwa popoo na tumbaku, likakunjwa na kutafunwa kwa utulivu. Mgeni alikaribishwa kwa tambuu. Sahani yake ilikuwa chombo cha heshima. Hata leo mzee akijiita mraibu wa kahawa hatumtafutii daktari. Kwa hiyo neno tunalolitumia sasa kutaja maradhi lilikuwa, kwa muda mrefu, jina la raha ndogo ya kila siku, yenye saa yake, yenye watu wake, na yenye kikomo. (Tambuu nayo haikosi madhara, wanaotibu saratani ya kinywa wanalijua hilo. Hatuandiki kuisifia.)

Wanaistilahi walipolichukua neno hilo walifanya jambo la busara kuliko walivyosifiwa. Uraibu hutaja mazoea, na mazoea hubadilika. Teja, neno la mtaani, humbandika mtu jina ambalo halina mlango wa kutokea. Lakini katika safari hiyo neno liliacha nyuma nusu ya maana yake. Mraibu wa leo anaeleweka kama mtu mwenye raha kupita kiasi, aliyezama ndani yake na anayepaswa kutolewa humo. Hali halisi ni kinyume. Baada ya miaka michache ya unga, mtumiaji hatafuti tena raha bali anakimbia arosto, na raha nyingine zote zimekwisha kumhama.

Starehe imepata msiba mkubwa zaidi. Asili yake ni mapumziko. Mgeni anapotaka kuinuka ili akupishe, unamwambia “Starehe!”, maana yake kaa ulivyo, usijisumbue. Neno hilohilo likiingia katika mawaidha ya vijana huwa ni ulevi, uasherati na ufujaji. Anasa ilikwisha kutangulia njia hiyo, na raha inafuata nyuma. Mabango ya kampeni hujaa vitenzi vya kukata, yaani acha, epuka, kataa, pinga, na nomino zinazokatwa ni za starehe. Kijana anayetoka katika nyumba ya upataji nafuu husikia, kwa lugha aliyozaliwa nayo, kwamba raha ndiyo iliyompeleka huko. Anaagizwa aiogope. Hakuna anayemweleza kwamba miezi hiyo ndiyo ambayo mwili wake unajifunza upya kuionja, na kwamba asipoionja popote ataikumbuka mahali pamoja tu.

Kuna neno jingine ambalo sijaona likihakikiwa ipasavyo. Bao la Kiswahili huchezwa kwa kete 64. Magazeti ya Tanzania na Kenya, kwa upande wao, huripoti kila mara kwamba fulani amekamatwa na kete kadhaa za heroini. Nomino ni moja, ngeli ni moja, hata kitenzi cha kuhesabu ni kimoja. Aliyeacha unga anapoketi barazani na kusikia mtu akilalamika kuwa kete zimepungua, husikia maana mbili kwa pamoja, na ya pili humjia kabla ya ya kwanza. Hili si suala la kubadilisha msamiati kwa amri. Ni ushahidi kwamba dawa iliingia katika nyumba ya raha ndogo, ikakalia viti vyake na kuchukua hata majina yake.

Riwaya na mwili usioonekana

Je, fasihi yetu imeiona ganzi hii? Katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, ulevi wa Zakaria hupimwa kwa kile unachowanyima mkewe Regina na binti zake. Kipimo hicho ni cha haki, na mwandishi anakitumia bila huruma ya bure. Katika Watoto wa Mama N'tilie (2002) ya Emmanuel Mbogo, pombe ni ya baba, Mzee Lomolomo, na dawa za kulevya ni mtego unaowasubiri watoto waliokosa shule. Katika Chozi la Heri (2014) ya Assumpta K. Matei, mtoto Dick anatumbukizwa katika biashara ya dawa za kulevya na baadaye anajitoa na kujitafutia riziki halali. Hizi ni riwaya zilizosomwa na maelfu ya wanafunzi, na kila mojawapo imefanya kazi yake. Lakini katika hizi mbili za mwisho dawa ni bidhaa zaidi ya kuwa tukio la mwili. Inabebwa, inauzwa, inakamatwa. Kujitoa kwa Dick ni kujitoa katika biashara. Suala la ulimi wake kusikia au kutosikia ladha haliwezi hata kuzuka.

Sehemu ya lawama ni yetu wahakiki. Vitabu vya mwongozo vimewazoesha wanafunzi kuandika “athari za dawa za kulevya” chini ya kichwa cha dhamira, na kusonga mbele. Athari huorodheshwa: wizi, kifungo, kifo. Kupona hakuorodheshwi kwa sababu kupona hakuna tukio. Ni asubuhi 150 zinazofanana, na riwaya ya Kiswahili, iliyolelewa na ngano na kisa, huona shida kukaa na asubuhi ya 37 ambayo hakikutokea kitu isipokuwa mtu alioga na maji yakampendeza.

Hata hivyo Mbogo ametuachia mlango, huenda bila kukusudia. Jina la mhusika wake ni sauti ya mteja: mama, n'tilie, nipakulie. Wauza chakula wote wa kandokando ya barabara wanaitwa hivyo kwa sababu ya ombi hilo. Tumelisoma jina hili kama alama ya ufukara, na ni kweli. Ila pia ni alama ya mtu mwenye njaa inayosikika, mwenye sahani mkononi, anayejua kwamba wali na maharage vitamfurahisha kwa robo saa. Anayepata nafuu kutokana na heroini hutamani kufika hapo: asimame mbele ya sufuria na hamu yake iwe ya wali. Sijasoma riwaya ya Kiswahili iliyomfikisha mhusika wake mahali hapo baada ya uraibu, na ningependa kukosolewa na atakayeijua.

Hojaji na jua la Februari

Kuna hojaji ya kitabibu iliyochapishwa Uingereza mwaka 1995 na Snaith na wenzake, yenye vipengele 14, ambayo hupima kama mtu angefurahia mambo ya kawaida: chakula akipendacho, kuoga, harufu nzuri, nyuso zenye tabasamu, kuonekana nadhifu, kinywaji cha moto, siku ya jua, simu ya rafiki, kumsaidia mwenzake, kusifiwa. Imetumiwa katika tafiti nyingi za sonona na za uraibu. Kwa mshauri wa sera ni chombo cha kuvutia, kwa kuwa ni fupi na inageuza raha kuwa namba. Kishawishi ni kuifasiri na kuipeleka kliniki wiki ijayo. Tujaribu kuifasiri hapa, tuone inapokwama.

Siku ya jua inakwama mara moja. Mjini Mombasa mwezi wa Februari hakuna aliyewahi kulipongeza jua. Raha ni kivuli cha mwembe, au upepo wa jioni unapogeuka kutoka baharini. Maji ya kuogea ya moto yanatakiwa yawe maji baridi ya mtungi. Harufu ya mkate uliotoka kuokwa inaweza kubaki kwa wanaojua mkate wa mofa, ila ningetanguliza harufu ya kanzu iliyofukizwa udi usiku wa kuamkia Ijumaa. Hayo ni marekebisho mepesi, na kila mfasiri wa kawaida angeyaona.

Vigumu ni vile vinavyofasirika kwa urahisi. Simu ya rafiki: kwa aliyeacha unga, rafiki anayepiga simu saa nne usiku huenda ndiye anayeuza kete. Akijibu kwamba simu hiyo isingemfurahisha, hojaji itamwandikia ganzi, na kumbe amepona vya kutosha kuiogopa. Nyuso zenye tabasamu: mtaani teja hatabasamiwi. Watu hushika mikoba, mwenye duka huhesabu vitu vyake mara mbili. Kipengele hiki kikipata alama ya chini kitakuwa kimempima jirani. Kuonekana nadhifu: nguo zake aliziuza zamani, moja baada ya nyingine, na aliyonayo ni ya msaada.

Kipengele cha chai au kahawa hakihitaji kubadilishwa hata kidogo, isipokuwa kitenzi. Hojaji ingeuliza kama ungefurahia kikombe cha chai. Mgonjwa wetu angeona aibu kusema hapana, maana nani asiyefurahia chai aliyokirimiwa? Adabu ingejibu badala ya ulimi. Muulize badala yake kama anasikia ladha ya chai, naye atakujibu kweli. Tofauti ya vitenzi viwili hivi ndiyo tofauti kati ya takwimu yenye maana na takwimu ya heshima.

Kuna pia raha ambazo hojaji ya Uingereza haikuzifikiria. Niliyoiona ikigeuza sura ya mtu kuliko zote ni kutumwa dukani. Aliyetumia unga hapewi noti mkononi. Ameiba ya mama, ya dada, ya mfungo. Siku anayopewa shilingi elfu kumi akalete mchele na mafuta, naye akarudi na chenji akaihesabu mezani, utaona anavyokaa baada ya hapo. Nyingine ni kupewa mtoto mchanga ashike. Nyingine ni kuitwa kwa jina alilopewa na wazazi, hasa likitamkwa na mtu asiyemtaka kitu. Ukiziandika kwenye jedwali hizi zitaonekana kuwa mambo ya familia, nje ya tiba. Lakini ni raha, zinahisiwa mwilini, na huja mapema kuliko ladha ya chai.

Mapingamizi

Washauri nasaha wanaofuata utaratibu wa hatua 12, unaotumiwa katika soba hausi za Zanzibar tangu 2009, wana pingamizi la haki. Wanafundisha kujihadhari na watu, mahali na vitu vinavyokumbusha matumizi, na raha ndogo nyingi za pwani zinakaa palepale. Baraza la kahawa ni jirani wa maskani. Baada ya kahawa huja sigara, na baada ya sigara huja kumbukumbu. Upande wa pili wa mpaka mambo hayafanani: mirungi ni zao linalotambuliwa na sheria nchini Kenya na ni dawa ya kulevya kwa sheria ya Tanzania ya 2015, kwa hiyo kile ambacho Malindi huitwa kuburudika, Tanga kinaweza kumfikisha mtu mahakamani. Nakubali kwamba huwezi kumwambia mtu wa mwezi wa pili “nenda barazani ukafurahi”. Sikubali kwamba jibu ni kumwambia asifurahi. Raha ina mpangilio wake, na washauri wenye uzoefu huupanga kimyakimya: kwanza maji na usingizi, kisha chakula, kisha kazi ya mikono, bustani au jiko, kisha bahari akiwa na mwenzake, na baraza mwisho. Ujuzi huu upo vichwani mwao. Haumo katika miongozo, kwa sababu miongozo iliandikwa kwa vitenzi vya kukata.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mtu asiye na kazi wala kodi ya nyumba anahitaji kazi na nyumba, na kumhubiria iliki ni dhihaka. Sina jibu linalolimaliza. Naongeza tu kwamba raha ndogo nayo ina gharama zake, na nyingine zimo mikononi mwa serikali. Tiba ya methadoni ilianza Muhimbili 2011, ikafika Mathari, Nairobi, 2014, Kidongo Chekundu, Unguja, 2015, na Butabika, Kampala, 2020. Kwa kawaida mgonjwa hunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu. Anayekaa mbali hutumia nauli yake na asubuhi yake yote njiani. Akirudi, fedha ya kashata imekwisha, na saa ya upepo wa asubuhi imepita. Vituo vikisogezwa karibu na watu, au wagonjwa walioimarika wakiruhusiwa kubeba dozi, tunayemrudishia asubuhi ni mtu ambaye pengine hana kitu kingine cha kufurahia. Ripoti za kliniki zinahesabu waliojiandikisha, waliobaki, na vipimo vya mkojo. Zihesabu pia saa hizo.

Ipo sababu ya kulisema hili katika mkutano wa kikanda. Rwanda iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia hatua ya namna hiyo 2022. Matini za afya zitahitajika, na njia ya mkato ni kuazima zile za Dar es Salaam na Mombasa zikiwa na starehe yao iliyotiwa doa na “acha” yao isiyo na mbadala. Mganda au Mnyarwanda anayejifunza neno starehe kutoka kwenye bango la kampeni atalipokea likiwa tayari na kosa, bila kuwahi kuambiwa “Starehe!” na mwenyeji aliyemkalisha kitini.

Orodha yangu ya raha, msomaji atakuwa amegundua, ni ya wanaume: bao, baraza, kanzu. Wanawake wanaotumia heroini wapo, na aghalabu huonekana kliniki kwa nadra kuliko wanaume kwa sababu aibu yao ni kubwa zaidi na watoto wao huweza kuchukuliwa. Nilipomuuliza mmoja wao, aliyekuwa mwaka wake wa pili wa methadoni, ni lini alijua kwamba amerudi, hakutaja chakula wala bahari. Alisema ni pale wanawake wa mtaa wake walipokuja kumchangisha kwa ajili ya harusi ya jirani. Walimtajia kiasi sawa na cha wengine, na kitenge cha sare wakamkatia bila kumuuliza kama ataweza kulipa. Alikilipa kwa miezi mitatu. Usiku wa hina alikaa mkekani tangu magharibi, akanyoosha miguu, akasikia ubaridi wa hina ukipanda nyayoni, na akaomba wamtilie tena.